Fundo la Mzinga

Jumatatu, 3 Agosti 1959

Uji wa wimbi, nusu bakuli. Miguu imevimba tena hadi magotini. Maritha ameikanda kwa mafuta huku akinigombeza, kwa kuwa jana nilikwenda hadi kwenye kahawa bila fimbo. Ukungu haujaondoka Kanyakine siku ya nne sasa.

Daktari aliniambia mwezi uliopita kwamba moyo umechoka. Hakusema lini. Nilimshukuru. Nimekuwa karani wa baraza miaka mingi, nazijua hukumu zisizotajwa siku.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kalamu yangu. Kimeru changu ni cha kinywa. Tena Maritha hasomi Kiswahili. Hiyo sababu ya pili ndiyo ya kweli.

Nkatha anakuja keshokutwa. Kitindamimba wetu, muuguzi na mkunga. Hospitali kubwa ya Chikago imemwandikia: njoo, kazi ipo, chumba kipo, nauli imelipwa. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya tisa. Nimeisoma barua hiyo mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Kimebaki kitu kimoja tu: barua ya chifu ya mwenendo mwema, imfikie D.C., mkuu wa wilaya, kabla ya Ijumaa tarehe 28. Bila hiyo hakuna pasipoti, na hospitali itamchukua mwingine.

Nina furaha. Naiandika hapa ili nione inavyofanana.

Alhamisi, 6 Agosti

Nkatha yuko nyumbani. Amenenepa kidogo, anacheka kama mama yake, kwa mabega.

Nyumba imejaa washauri. Hakuna hata mmoja aliyefika Mombasa, lakini wote wanaijua Marekani. Mke wa katekista amemwambia asilale karibu na dirisha, ghorofa ya tisa mtu akigeuka vibaya usingizini ndiyo basi. Mzee mmoja ameuliza kama huko kuna nyuki. Nkatha akasema hajui. Mzee akasikitika sana: "Sasa unaenda kuishi mahali hujui kama kuna nyuki?"

Tulifungua ramani yangu ya shuleni. Niliweka kidole gumba juu ya Chikago nikaifunika yote, na ziwa lake. Nkatha akasema, "Baba, toa kidole, unawanyima watu hewa."

Sijacheka hivyo tangu mvua za mwaka juzi. Nilikohoa mpaka Maritha akaleta maji.

Jumamosi, 8 Agosti

Siku ya soko. Fundi Abdala wa Majengo, mtaa wa Meru mjini, alikuja na cherehani yake kama kawaida, akaiweka kando ya bucha ya shemeji yake. Mimi nilikalishwa kwenye gunia la maharage kama mzigo uliosahauliwa.

Fundi hajawahi kushona koti la baridi kama ya Chikago. Mimi huniita mwalimu, kama amwitavyo kila mwenye kalamu. Aliniuliza, "Mwalimu, hiyo baridi yao ikoje?"

Nikamwambia nimesoma kwamba maji ya ziwa huwa magumu, watu wanatembea juu yake.

Akatoa pini mdomoni. "Basi hilo si koti, Mwalimu, ni nyumba. Nitie na dirisha?"

"Tia mlango tu, fundi," Nkatha akajibu, "niamue nani aingie."

Soko zima likacheka. Fundi akasema mashallah, binti huyu hatapotea. Atatumia blanketi mbili za sufu, bitana ndani, na kola inayofunika masikio. Nkatha alisimama mikono imenyooka, anapimwa, jua likatoka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Keshokutwa anakwenda kwa chifu kuchukua barua. Nimekula nyama kidogo. Tumbo halikuipenda.

Jumanne, 11 Agosti

Chifu amekataa.

Nkatha alirudi jana jioni, akakaa jikoni na mama yake bila kuvua viatu. Leo asubuhi ndipo aliponieleza. Chifu M'Ikiugu alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamuuliza habari za wagonjwa wake. Kisha akafungua faili, akamwonyesha mstari wa mwaka 1954: hajaondolewa shaka. Nkatha akamwambia, baba, wewe unanijua tangu nabebwa mgongoni. Chifu akafunga faili.

Akamwambia hivi: "Barua hii haitoki kwangu, mwanangu. Inatoka kwa baba yako."

Nkatha amenitazama akingoja niifasiri. Kazi yangu ilikuwa kufasiri. Nikamwambia sielewi.

Nimeongopa tena. Umri huu.

Jumatano, 12 Agosti

Andika, Stefano. Usipoandika leo utakufa nalo.

M'Ikiugu na mimi ni watu wa gichiaro. Babu zetu waliapa, ukoo wake na ukoo wetu, ndugu wa damu hadi mwisho. Watu wa gichiaro hawanyimani kitu: akiniomba fahali wangu wa pekee, ninamfungua. Hawamwagiani damu. Hawadanganyani. Anayedanganya, mwili wake mwenyewe humgeuka. Misheni walinifundisha nisiamini hilo la mwisho. Natazama miguu yangu.

Tulipokuwa vijana tulitundika mizinga pamoja, yeye na mimi. Baba yangu alikuwa na fundo lake la kupandishia mzinga mtini, la mizunguko mitatu na kitanzi kilichofichwa chini. Halilegei kwa mvua wala kwa upepo, na asiyefundishwa halifungui. Nilimfundisha M'Ikiugu peke yake, kwa kuwa kwa gichiaro huwezi kunyima.

Mwaka 1954. Kirimi, mtoto wa dada yangu, alikuwa msituni akipigana na serikali pamoja na wale wengine. Alipigwa risasi ya paja. Akatuma neno. Nkatha alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, amekuja likizo na mfuko wa bendeji na dawa ya unga, avitumie kutibu watu wa hapa. Nilitoa nusu ya vitu vile bila kumwambia. Nikafunga mzigo mmoja, ukachukuliwa. Nikafunga wa pili, nikautundika mtini juu ya mtaro. Huo wa pili homgadi, askari wa kijijini wa serikali, waliuona kabla ya mwenyewe.

Bendeji zilikuwa na muhuri wa hospitali. Wakamchukua Nkatha.

M'Ikiugu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo cha homgadi. Alikuja hapa peke yake. Alisimama pale mlangoni, hakutaka kiti. Akasema, "Ndugu, nakuuliza mara moja tu, na nakuuliza kwa gichiaro. Mzigo huu unaujua?"

Nikasema siujui.

Nkatha alifungiwa siku nne kwenye kibanda cha mabati. Siku nne nilikaa hapa nikinywa uji. Niliogopa kamba ya kunyongewa. Niliogopa kupokonywa shamba. Niliogopa hata aibu ya kanisani. Nilikuwa na orodha nzima ya hofu na binti yangu hakuwa wa kwanza katika orodha hiyo. Walimwachilia kwa kukosa ushahidi. Hospitali ikamfukuza, akarudishwa baada ya mwaka mzima. Tangu siku ile M'Ikiugu hanisalimu. Humsalimu Maritha, huuliza habari za mbuzi, mimi hunipita kama nguzo ya ua.

Kirimi alipona. Alikaa kizuizini miaka miwili, sasa analima ndizi Mitunguu na ana watoto. Hilo silijutii, bendeji zilikwenda mahali pake. Ninajutia neno moja, siujui.

Ijumaa, 14 Agosti

Nilivaa tai, niende. Nikafika kwenye mlango wa zizi. Nikavua tai.

Jumatatu, 17 Agosti

Leo nimesafiri kwa toroli.

Miguu imekataa kabisa, na kambi ya chifu ni maili moja na nusu. Maritha akaleta toroli ya kubebea kahawa, akatandika majani ya migomba na mto. Mimi nimevaa suti ya harusi ya mwanangu mkubwa, tai, kofia. Nkatha alikuwa amekwenda Meru mjini kwa fundi. Watu waliokuwa wakipalilia waliinuka kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Maritha, unampeleka sokoni? Unamuuza bei gani?" Maritha akajibu kwamba hana bei, ila anayemtaka achukue na kikohozi chake.

Karibu na mto nikaona lazima yeye asikie kwanza. Nikamwambia yote nikiwa nimempa kisogo, maana ndivyo mtu anavyokaa kwenye toroli.

Akaiweka toroli chini. Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia maji tu. Nikadhani ataniacha hapo.

Mwishowe akasema, "Siku zile nne nilipeleka chakula kituoni nikarudishwa nacho. Wewe ukala."

Nikasema ndiyo.

Akainua mikono ya toroli. Njia yote iliyobaki hakukosa shimo hata moja.

M'Ikiugu alikuwa kwenye benchi nje, anasikiliza kesi ya mpaka. Aliponiona naletwa kwa toroli, nimevaa tai, akawaambia watu wale warudi kesho. Nilitaka kusimama. Nikashindwa. Basi nikasema nikiwa mle mle, miguu inaning'inia nje kama ya kuku. Nikasema: ndugu, uliniuliza nami nilikudanganya. Mzigo ulikuwa wangu. Binti hakujua. Nifanye utakavyo, kamata, andika, ila mstari ule ufutwe.

Akaingia ndani. Nilimwona askari wake mlangoni, nikadhani chifu amekwenda kuchukua pingu. Nilikuwa mtulivu kuliko nilivyotazamia.

Akarudi na mkebe wa majani ya chai. Ndani kulikuwa na kipande cha kamba, kimekauka, kimekuwa cheusi. Fundo la baba yangu. Mizunguko mitatu na kitanzi kilichofichwa.

Nilikuwa nimefunga mzigo wa msituni kwa fundo la mzinga. Mikono ilijifungia yenyewe, sikuwaza. Miaka mitano nimejiona mjanja.

M'Ikiugu akasema, "Nilikata kamba hii kabla ya bwana ofisa hajafika. Angeniuliza fundo la nani, na watu wawili tu ndio wanaolijua. Nilikuwa nimeshakuficha, Stefano, wakati nakuja kukuuliza. Sikukuuliza kwa ajili ya serikali. Niliuliza kwa ajili yangu."

Nililia. Na yeye akageuka akawafukuza kuku ambao hawakuwapo.

Kisha akaweka masharti. Kondoo dume mnono. Asali. Na kabla ya hayo, nimwambie Nkatha kwa kinywa changu. Siku Nkatha atakapofika kambini mwenyewe aseme amesikia, ndipo atakapoandika barua. "Wewe hukumwibia mtu mwingine," akasema. "Ulimwibia yeye."

Maritha alinirudisha polepole. Alikwepa mashimo. Sijui kama amenisamehe au amechoka.

Jumanne, 18 Agosti

Nimemwambia Nkatha, baada ya uji. Mama yake alitoka nje kwa makusudi.

Alisikiliza kama wauguzi wanavyowasikiliza wagonjwa, kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza aliuliza swali moja: nusu ile ya bendeji niliitoa siku gani? Nikasema Jumapili. Akasema, "Jumatatu nilihesabu zikapungua. Nikamwambia bwana ofisa labda nilikosea hesabu. Hilo ndilo walilonipigia. Kwamba nilikuwa nasema labda."

Sikujua kwamba walimpiga. Hakuwahi kutuambia.

Akainuka. Akasema, "Mwaka mmoja, Baba." Akaenda kuchuma mboga.

Alhamisi, 20 Agosti

Hasemi nami. Ananiletea uji, anaweka, anaondoka. Uji ni mzuri. Ingekuwa afadhali uwe na moshi.

Hajakwenda kwa chifu. Zimebaki siku nane. Maritha amemsihi. Amejibu kwamba hatanunua Chikago kwa kusema amesikia. Kusikia ni kitu kimoja, na kumsamehe Baba ni kingine.

Ana haki. Nimeandika hapa ili nisijaribu kubishana naye.

Jumapili, 23 Agosti

Fundi Abdala ameleta koti mwenyewe kwa baiskeli kutoka Meru, limefungwa kwenye shuka. Kazi nzuri mno. Rangi ya kahawia, vifungo vikubwa, mifuko inayoweza kubeba kuku. Nkatha hakulijaribu. Alimpikia fundi chai, akamshukuru, akaliweka juu ya sanduku.

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye. Alipokuwa akiondoka aliniinamia akasema, "Mwalimu, koti linaweza kukaa. Halina haraka. Lakini ndege ina haraka."

Kanisani sikwenda. Nimeomba hapa. Sikuomba asamehe. Niliomba aende, hata akienda bila kusema nami kamwe. Nadhani hii ndiyo sala ya kwanza ya kweli tangu nibatizwe, na nilibatizwa nikiwa na ndevu.

Jumatano, 26 Agosti

Niandike taratibu, nisikose hata neno moja.

Asubuhi niliota jua ukutani. Nkatha akatoka na sanduku lake na kamba ya katani. Akaweka sanduku mbele yangu. Kufuli yake ilivunjika zamani.

Akasema, "Nionyeshe hilo fundo."

Nikafikiri sikusikia. Akarudia. "Kama limenipotezea mwaka, lazima nilijue. Nionyeshe, Baba."

Nikamwonyesha. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kitanzi kinapita chini, kinajificha. Vidole vyake ni vya mkunga, vilielewa mara moja, lakini alilikosea makusudi mara mbili ili niushike mkono wake. Najua alikuwa anakosea makusudi. Naye anajua najua.

Mara ya nne akalifunga peke yake. Akainua sanduku kwa kamba, akalitikisa. Akasema, "Hili hata malaika hawalifungui."

Kisha akavaa koti, jua linawaka, akaenda nalo kwa chifu maili moja na nusu. Watoto wa Kanyakine wote nyuma yake. Wanawake mashambani wakauliza kama anaumwa. Alisema anajizoeza.

Alirudi saa nane, jasho tele, barua mkononi. M'Ikiugu ameandika kurasa mbili. Ameandika kwamba nyumba hii anaijua na kwamba ni nyumba isemayo kweli. Ametia saini kama mtu anayechonga mti. Kuhusu ule mstari, ameandika pembeni, kwa wino mwekundu: shaka imeondolewa, mimi mwenyewe nimeuliza.

Maritha amepiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakajibu.

Kesho lori la kahawa litaipeleka barua kwa D.C., siku moja kabla ya mwisho.

Jumamosi, 29 Agosti

Kondoo amechinjwa. M'Ikiugu alikuja na wazee wanne wa ukoo wake. Tulikula kipande kimoja cha nyama, yeye akiuma na mimi nikiuma, kama ilivyo desturi. Meno yangu ni matatu, kwa hiyo yeye alikula zaidi. Kisha asali, kidole kwa kidole.

Ugomvi ulizuka juu ya pombe ya asali. Wazee wake walikuja nayo. Katekista alikuwa amekaa hapo. M'Ikiugu akasema gichiaro bila pombe ni kama ubatizo bila maji. Katekista akasema hilo ni neno zito. Maritha akamaliza kesi: akampeleka katekista nyuma ya nyumba kumwonyesha kuku anayeatamia mayai. Alimwonyesha kwa muda mrefu.

Nilionja. Mungu anajua ilikuwa kijiko.

M'Ikiugu amezungumza nami siku nzima. Miaka mitano ya maneno. Ameniambia hata habari za ng'ombe waliokufa zamani. Sauti imemkauka, anaendelea.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimefika Runyenjes! Sikutarajia kuona barabara hii tena.

Nkatha alitaka kuniagia nyumbani. M'Ikiugu akasema nitamsindikiza hadi Embu hata kama nitabebwa. Akatuombea lori la chama cha kahawa. Mimi mbele na dereva na M'Ikiugu, Nkatha na mama yake nyuma juu ya magunia, koti limewafunika wote wawili. Tulipita Chuka wakiimba. Kila daraja M'Ikiugu alitaja mtu aliyeanguka hapo.

Runyenjes pumzi ilinikatika. Dereva akasimamisha lori sokoni. Nkatha alinipima mshipa, akatazama saa yake, akatikisa kichwa. Akasema hapa ndipo mwisho wangu wa safari. Sikubishana. Yeye ndiye muuguzi.

Tulikula ndizi za kuchoma tukingoja basi la Embu. Alinipigia magoti palepale, kwenye matope, nikamtemea baraka kifuani kama baba yangu alivyonitemea mimi. Akasema, "Baba, mwaka ule ulikuwa wangu. Nimeuchukua. Usiubebe tena, nina sanduku."

Basi likaondoka na mama yake, atakayemfikisha Nairobi kwa kaka yake. Sanduku lilikuwa juu ya paa. Nililiona fundo mpaka kona.

Tulibaki mimi na M'Ikiugu kwenye gunia moja. Akasema, "Naomba kitu kwa gichiaro."

Nikamwambia omba.

"Usife kabla barua yake ya kwanza haijafika."

Nikamwambia hilo haliko mikononi mwangu. Akajibu kwamba hakuniuliza liko mikononi mwa nani. Ameomba. Kwa gichiaro hatunyimani.

Basi. Nitakunywa dawa yote.

Jumatano, 14 Oktoba

Imefika. Kurasa sita, stempu yenye sura ya mtu nisiyemjua.

M'Ikiugu alikuja mbio kabla sijaifungua. Sijui nani alimwambia. Nilisoma kwa sauti, nikiwafasiria Kiingereza kwa Kimeru. Nimerudi kazini.

Amefika salama. Mjini New York ofisa wa forodha alimwambia afungue sanduku, kisha akaona Nkatha anachelewa, akataka kulifungua mwenyewe. Akashindwa. Akamwita mwenzake. Wakawa watatu. Mmoja akaleta kisu, Nkatha akamwambia subiri, bwana. Akapenyeza vidole viwili chini, fundo likaachia. Wakampigia makofi. Mmoja akauliza amefundishwa na nani. Akamwambia baba yangu, ni fundo la nyuki. Hawakutazama hata ndani.

Hapo M'Ikiugu aliniomba nisome tena. Nikasoma. Akaomba tena.

Chikago ina treni zinazopita juu ya vichwa vya watu. Ghorofa ya tisa mtu hupanda akiwa amesimama ndani ya kabati. Dirisha halifunguki vya kutosha mtu kuanguka, mke wa katekista aambiwe. Ziwa halina ng'ambo. Kuna mitaa mizima ya watu weusi, Jumapili ya kwanza alidhani yuko Majengo, mpaka alipowasalimu. Kuna milango isiyowafungukia watu wa rangi yetu, ameandika, na hilo ataeleza siku nyingine. Amezalisha mapacha. Upepo umeanza, na wauguzi waliolicheka koti sasa wanauliza fundi wake anaishi wapi. Nyuki wapo. Amewaona kwenye maua ya hospitali. Yule mzee apelekewe habari.

Mwishoni: nina upweke saa za jioni, lakini nina furaha. Niliandika maneno hayohayo hapa mwezi wa nane. Sasa naona yanavyofanana.

Maritha aliichukua barua, akainusa.

Jumapili, 18 Oktoba

Mvua imeanza, ndogo, ya kutuliza vumbi. Uji, vijiko vitatu.

Sharti la M'Ikiugu limetimia, kwa hiyo asubuhi amekuja akaomba niishi niingoje barua ya pili. Huyu mtu hashibi. Nimemwambia nitajaribu.

Aliniachia ule mkebe wa chai. Nilipobaki peke yangu nilitoa kamba ya mwaka 1954, nikaanza kulifungua fundo. Lilikuwa gumu kama jino. Nililiweka mdomoni likalowa, nikapumzika, nikaanza tena. Kengele ya kanisa imelia mara mbili nikiwa bado kazini. Kitanzi kikaachia kwanza, kisha mizunguko, mmoja mmoja.

Ni kamba nzuri bado. Maritha ameiona magotini pangu, ameichukua kufungia mgomba ulioinamishwa na mkungu.